Saa Mbili Iko Upande Gani

Mliniomba karatasi moja tu. "Mzee Nestori, kabla hujatuacha, tuandikie jinsi unavyopanga gridi mpaka ikakaa." Nikajibu sawa, Ijumaa mtaipata. Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita, na sasa ni wiki ya saba tangu nirudishe kadi ya mlango na kuondoka na kikombe changu kilichokatika mkono. Karatasi moja imezaa nyingine. Nisameheni. Mtu akikaa nyumbani huku South End ya Louisville, nilikorudi baada ya kuwaacha, hana cha kufanya asubuhi ila kusikiliza malori yakielekea maghalani, maneno humjia hata yale ambayo hakuyaita. Na pia kuna jambo nimelikwepa miaka mitano, na haliingii kwenye karatasi ya maelekezo. Nitalifikia. Msiruke kurasa, nawajua.

Nianze na wale walioajiriwa juzi. Gridi yetu si ya miraba. Ni ya pembe sita, kama sega la nyuki, na kila kijumba tunakiita heksi. Tunaitandaza juu ya ramani ya mji, kila heksi tunaipa namba, na anayetumwa mahali anapewa namba hiyo. Kompyuta inaichora gridi kwa sekunde mbili. Kuikalisha pale inapotakiwa ndiyo kazi iliyonila miaka yangu yote ya Amerika, na sijutii hata mmoja.

Sikuja nchi hii nikijua kompyuta. Nilikulia kambini Kigoma, mtoto wa Burundi aliyebebwa mgongoni kuvuka mpaka. Kazi yangu pale kambini ilikuwa kushika kamba na vigingi wakati wa kupima viwanja vya nyumba. Tulipoletwa Louisville nilipakia maboksi ghalani mwaka mzima, kisha nikapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi. Walikuwa wanachapa ramani za michezo ya mezani. Watu wazima, wengine wana ndevu hadi kifuani, hukaa Jumamosi nzima wakisogeza vijeshi vya karatasi juu ya heksi na kununiana. Sikucheka. Kila mtu na starehe yake, na wao ndio walionifundisha kazi bila kujua.

Maana ukikata ramani ya heksi, ukingoni unabakiwa na nusu. Siku moja nikaona upande wa kushoto nusu zangu ni nusu za kweli, upande wa kulia ni vipande vyembamba kama kucha. Nikakata nyingine, hivyo hivyo. Nikasimamisha mashine. Kiwanda kizima kikageuka, kwa sababu mashine ile ilikuwa haisimamishwi na mtu wa wiki ya tatu.

Akaja Miss Lorraine. Huku Kentucky mama wa umri ule humwiti kwa jina tupu, ni Miss na jina lake la kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akizichora ramani kwenye kompyuta, ana miwani yenye kamba shingoni na kioo cha kukuzia mfukoni. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba gridi hii inatembea. Sikuwa na neno lingine. Akainama na kioo chake, akafuata mstari kutoka kushoto hadi kulia, taratibu, kama anasoma barua.

"Nani amekufundisha kuangalia?" akaniuliza.

"Kamba," nikasema.

Nikamweleza kuwa kambini ukikosea kidole kimoja kwenye kiwanja cha kwanza, kwenye kiwanja cha arobaini umeshaingia mlango wa jirani, na jirani anakungoja na jembe. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye kamba yake. Jumatatu iliyofuata aliniwekea kiti kando ya meza yake, na mashine ya kukata akapewa mwingine.

Hapo ndipo nilipojifunza mambo mnayoyataka, basi yaandikeni. Kabla hujaigusa gridi, nyoosha picha yenyewe, kwa sababu karatasi iliyopigwa picha huwa imelala upande hata kama jicho lako linaapa haijalala. Usipime heksi moja ukaamini umepata kipimo. Hesabu arobaini, pima zote kwa pamoja, kisha gawanya, ndipo kosa la mkono wako linagawanyika pia. Andika namba kwenye kisanduku, usivute kwa kipanya. Kipanya ni cha watu wasio na subira. Na ukishaikalisha kona ya kwanza usishangilie, nenda kona ya mbali kabisa ukatazame. Gridi ikikaa vizuri mwanzoni tu, hiyo bado ni salamu. Miss Lorraine alikuwa akisema hivyo kila siku, na kila siku alikuwa anacheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye hili la saa, kwa sababu kila kitu kimetokea hapo.

Heksi iliyolazwa ikawa na ubapa juu ina majirani sita. Mmoja juu, mmoja chini, wawili kushoto, wawili kulia. Ukichora uso wa saa ndani yake, majirani wanaangukia penye kumi na mbili, mbili, nne, sita, nane na kumi. Kwa hiyo Miss Lorraine alikuwa hasemi juu kidogo kulia. Alikuwa anasema, sogeza kuelekea saa mbili. Wiki ya kwanza nilisogeza kila kitu kinyume. Akisema juu, mimi chini. Akisema kulia, mimi kushoto. Akadhani ninamfanyia mzaha.

Ninyi mnaongea Kiswahili, mmeshanipata. Mwaka ule kila kitu cha Kizungu nilikuwa nakigeuza. Shifti inaanza saa mbili yao, kwangu ni saa nane. Basi linakuja saa nane yao, kwangu ni saa mbili. Nilikuwa nimejifunza kuongeza sita au kupunguza sita mpaka usingizini. Kwa hiyo mama wa watu akisema mbili, kichwa kinaongeza sita, kinapata nane, na mkono unaenda kwenye nane. Na nane kwenye uso wa saa inatazamana na mbili uso kwa uso.

Nilimweleza. Alisimama, akaishusha saa ya ukutani, akatoa betri, akailaza mezani mbele yangu. "Hapa hakuna saa," akasema. "Huu ni uso tu. Mbili iko pale ilipoandikwa." Saa ile ililala mezani petu miaka yote, mishale imesimama, na wageni walidhani sisi ni wazembe. Nilimpenda mama yule. Sikuwahi kumwambia hivyo, nilikuwa namletea ndizi za kukaanga, naye alikuwa anaelewa.

Lakini nilikuwa ningali na kichwa changu. Nilipofikiri peke yangu kwa Kiswahili nilitafuta njia yangu: nilitazama mahali mshale mfupi ungeelekea, nikapataja kwa saa ya kwetu. Mshale ukitazama juu ni saa sita. Ukitazama chini kushoto, penye nane, ni saa mbili, saa mbili ileile ya asubuhi tuliyoendea shule. Kwa Kiingereza nikasema vyao, kwa Kiswahili nikasema vyetu. Haikuwahi kunikwamisha, kwa sababu hakuna mtu niliyekuwa naongea naye gridi kwa Kiswahili.

Kiwanda kilipofungwa na Miss Lorraine akaenda kuishi kwa bintiye, alinipa kile kioo cha kukuzia. Kiko kwenye droo ya meza ya tatu. Nikisikia kuna mtu amekitumia kufungulia soda, nitakuja.

Nikahamia Columbus, hapo Reynoldsburg, kwenye ofisi yetu. Mnaijua kazi: magari yanayopeleka wazee kliniki, nani anakaa heksi ipi, gari gani liko karibu. Miaka ya mwanzo sitaisimulia, ilikuwa ya kupigana na gridi za wengine. Kaunti moja ilikuwa imelaza heksi kwa ubapa, jirani yake imezisimamisha kwa ncha, na meneja akataka zishonwe ziwe ramani moja kufikia Alhamisi. Nilimwambia zinashonwa kama suruali na kofia. Hakucheka, lakini Alhamisi ikasogezwa.

Kisha akaja Solange. Wachache wenu mlimkuta. Mkongomani wa Bukavu, alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, na hapa alikuwa anafunga maboksi ghalani kama sisi sote tulivyofanya. Siku ya kwanza alikaa kando yangu na daftari lenye miraba, akanitazama nikieleza kwa nini safu za heksi zinapishana kwa robo tatu ya upana badala ya upana mzima. Akasema, "Bon. Papa Nestor, hii haiko kazi ya kuchora. Hii ni jometri yenye imevaa nguo." Nikajua nimepata mtu.

Miaka minne tulikaa meza moja. Kiswahili changu cha Kigoma na chake cha Kivu vilitaniana kutwa nzima. Alikuwa ananicheka nikisema "hizo zimesogea," yeye anasema "zile ziko zimesogea," na watoto wake wakipiga simu anawauliza kwa Kiswahili, wanamjibu kwa Kiingereza, ananigeukia na kupandisha mabega. Kazi yenyewe tuliifanya kwa vidole. Huku, hapa, kidogo, tena, basi. Kwa sababu kidole kilikuwepo, hakuna aliyewahi kusema saa.

Mume wake akapata kazi kiwandani Buffalo, wakahama. Dada yangu Anastazia naye alikuwa Buffalo, mkubwa wangu kwa miaka minane, mjane, yule aliyenibeba mgongoni tukivuka mpaka. Niliposema nilibebwa, aliyenibeba ndiye huyo, mtoto akimbeba mtoto. Nikamwomba Solange amtazame. Akaenda wiki ileile na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao.

Theluji ya Buffalo msiilinganishe na hii yenu. Inatoka ziwani, inakuja kama ukuta, na mtaa mmoja unaweza kuzikwa huku wa pili una jua. Makanisa ya Wakongomani na Warundi kule yana wazee wengi wanaoishi peke yao, na Solange akapata wazo zuri: ramani ya heksi ndogo, kila heksi iwe na mlinzi, theluji ikizidi mlinzi aende kugonga. Lakini wazee hawakutaka majina na anwani zao zizunguke kwenye simu za watu. Kwa hiyo mlinzi alipewa namba ya heksi peke yake, na kwenye kibaraza cha mzee kulifungwa kipande cha kitenge. Ufike kwenye heksi yako, utafute kitenge, ugonge. Orodha ya namba niliiandaa mimi hapo ofisini kwenye faili langu. Ramani ya kwenye simu za walinzi aliichora yeye kule.

Akanipigia siku moja nikiwa kwenye gari langu, pale tunapoegesha, mapumziko ya chakula.

"Papa Nestor, mistari yote iko sawa, lakini namba hazipatane na ile liste yenye ulituma."

Akanitumia picha. Nikaona mara moja. Gridi yake ilikuwa imenyooka, kipimo ni kilekile, ila yote imekaa heksi moja mbali na yangu. Kosa dogo. Nikamwambia kwa Kiswahili, mdomo umejaa wali, "Isogeze nzima heksi moja kuelekea saa mbili, halafu ifunge."

"Saa mbili. Sawa. Merci, Papa."

Sikumwomba picha ya pili. Mimi, niliyewapigia kelele ninyi nyote kuhusu kona ya mbali, sikuiomba, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Kwa Solange, aliyesoma na kufundisha kwa Kifaransa, saa mbili ni deux heures, mbili ileile iliyoandikwa kwenye uso wa saa. Alisogeza juu kulia. Mimi nilimaanisha chini kushoto. Gridi iliyokuwa imepotea heksi moja ikawa imepotea mbili. Na hapa ndipo ubaya wa sega la nyuki ulipo: ukilisogeza kijumba kizima, linakaa tena sawasawa, mstari juu ya mstari, huoni chochote. Kinachokuwa uongo ni namba tu.

Theluji nzito ya kwanza ilishuka Januari. Asubuhi nikampigia dada yangu, simu haikuita. Nikasema umeme umekatika, walinzi wapo. Nikampigia Solange, akaniambia walinzi wametoka wote, wengi wameshapata wazee wao kwa kuwa wanawajua hata bila ramani. Lakini dada alikuwa amehamia nyumba mpya wiki mbili tu, hakuna aliyemjua mtaa ule. Mlinzi wake, Papa Merveille, baba wa watu anayefanya kazi kiwanda kimoja na mume wa Solange, alikuwa amefika kwenye heksi yake, amezunguka nyumba zote, hajaona kitenge. Alikuwa anarudi.

"Amefika wapi hasa? Kuna nini pale?"

"Anasema iko kanisa na mlango mwekundu."

Nikafungua faili langu. Kanisa la mlango mwekundu halikuwa kwenye heksi ya dada. Lilikuwa heksi mbili mbali, juu kulia. Nikaangalia tena. 

"Solange, saa mbili yako iko upande gani?"

"Juu, Papa. Kuume. Penye mbili."

Nikasema, "Mwambie ageuke. Heksi mbili chini kushoto, upande wa ziwa."

Nikasikia akimwita Papa Merveille kwa simu nyingine, nikasikia sauti ya baba yule ikikatwakatwa na upepo. Solange akarudi kwangu. "Anauliza ziwa iko wapi. Haone hata mikono yake."

Ziwa. Miaka yote ya vipimo na robo tatu, na mtu amesimama ndani ya heksi hajui ziwa liko wapi. Ndipo nikakumbuka theluji ile inatoka wapi. "Mwambie atembee upepo ukimpiga usoni," nikasema. "Upepo unatoka ziwani. Asiukwepe, auendee. Barabara tatu, kisha atafute kitenge."

Baadhi yenu mlikuwepo ofisini asubuhi ile. Mlidhani nimekasirika na programu. Nilikaa nikitazama heksi ile kwenye skrini, nyeupe kama zingine, na nilikuwa naomba kwa Kirundi, kwa sababu ndiyo lugha aliyonibebea dada.

Simu ikalia baada ya muda ambao sikuuhesabu. Sauti ilikuwa ya dada yangu, nyembamba, meno yakigongana.

"Nestori. Umenitumia mtu mwenye barafu kwenye masharubu. Amenitisha."

Nililia, na sikujali nani ananiona. Hita yake ilikuwa imezimika tangu jana yake. Alikuwa amejilaza na vitenge vyake vyote, kimoja juu ya kingine, na kile cha kibarazani kilikuwa kimeganda kama ubao. Papa Merveille alimbeba hadi kwa Solange. Kifua kilimshika, akalala hospitali siku kumi na moja, na siku mbili kati ya hizo daktari hakutaka kutuahidi kitu.

Nilikwenda Buffalo. Jumapili ile mchungaji akauliza kanisani, kwa upole tu, ni nini kilitokea kwenye ramani. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, koti magotini. Kabla sijameza mate Solange alikuwa ameshasimama.

"Bon. Ni mimi. Nilisogeza ramani vibaya. Mnisamehe."

Watu wakamsamehe, ndiyo, lakini mnajua watu. Tangu siku ile kila ramani aliyotoa iliulizwa mara mbili. "Hii umeangalia, Mama Solange? Safari hii umeangalia kweli?" Nilikuwa nayasikia kwa simu, miaka mitano, nikasema moyoni, nitasema, nitasema. Mlinipa keki siku ya kuondoka mkaandika juu yake Mzee Asiyekosea. Sikuweza kuila. Mlidhani ni sukari.

Basi wiki ya tatu ya kustaafu nilipanda basi kutoka Louisville, nikapitia Columbus bila kuwasalimu, nisameheni, nikafika Buffalo Jumamosi. Nikamkuta Solange jikoni kwake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikasema, "Saa mbili ile ilikuwa yangu."

Akaendelea kumenya vitunguu. "Papa Nestor, nilijua ile siku. Donc, mtu hawezi kuuliza saa mbili yako iko upande gani kama hajui kosa inatoka wapi."

"Sasa kwa nini ulisimama?"

"Mama Anastazia alikuwa hospitali. Angelala pale akiwaza ni ndugu yake, ule yeye alibeba mgongoni, ndiye alimpoteza? Mimi ni mtu wa nje. Mimi anaweza kunikasirikia bila kuumia." Akafuta macho kwa mkono wa gauni, akasema ni vitunguu. "Halafu nikakungojea useme mwenyewe. Umechelewa, Papa."

Nimechelewa. Sina utetezi. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi, na alinibeba naye pia, na mimi nikakubali kubebwa nikiwa mtu mzima.

Nikamwambia dada jioni ileile. "Kwa hiyo mlinipoteza kwa kutojua kusoma saa," akasema. Nikadhani yamekwisha, maana alitabasamu. Kumbe bado. "Na binti wa watu amebeba mzigo wako miaka mitano? Nestori, wewe? Kesho utasimama."

Nikasimama. Mtu mzima wa miaka sitini na saba. Nikasema yote, gridi, wali mdomoni, picha niliyoiacha kuomba, benchi la pili. Nikamwita Solange mbele, nikamwomba msamaha huku watu wakisikia. Papa Merveille ndiye aliyeanza kupiga makofi, na mama mmoja aliyekuwa hodari wa kuuliza "umeangalia kweli" akainamisha kichwa.

Kwa hiyo karatasi yenu hii hapa, na ni fupi. Nyoosheni picha. Hesabuni arobaini. Andikeni namba, msivute. Tazameni kona ya mbali. Na mkielekezana kwa simu msitaje saa kabisa, kwa lugha yoyote. Tajeni kitu ambacho mtu aliyesimama pale anakijua hata macho yamefumbwa. Kwenye ramani ya Solange ya sasa kuna mshale mmoja tu, na umeandikwa ZIWA.

Baada ya ibada tulikula kwa dada. Hakutaka kuhamia kwangu Louisville, anasema Buffalo kuna watu wa kumgongea. Alikuwa jikoni anapakua, akauliza bila kugeuka, "Hivi sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama ukutani. "Saa nane," nikasema.

"Saa mbili," akasema Solange, kwa wakati uleule.

Tukatazamana. Dada yangu akatoka na sinia, akaliweka katikati yetu.

"Kaeni mle," akasema. "Chakula kimeiva kwa saa zenu zote mbili."